Kericho na Bomet: Kuiendea Chai Kwao

Likizo ya shule inapokaribia, jamaa nyingi za pwani zikijaaliwa nauli hufikiria Malindi au Nairobi. Safari hii twapendekeza kupanda bara zaidi, hadi mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Hakuna nyumba kwetu isiyoteleka chai asubuhi na jioni, na mnada wa chai wa Afrika Mashariki umo papa hapa Mombasa tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuona mchai ukiwa ardhini.

Kutoka Nairobi zipo njia mbili. Moja hupita Nakuru na Londiani ikaingia Kericho. Ya pili huteremka Bonde la Ufa kwa Mai Mahiu, ikapita Narok hadi Bomet. Nendeni kwa moja, mrudi kwa nyingine. Miji hiyo miwili imeunganishwa na barabara ipitayo Sotik, Kapkatet na Litein, na hapo ndipo macho hushiba. Masafa haya yaruhusu kupunguza swala. Mwenye nia ya kukaa siku nyingi na amwulize shekhe wake kabla ya kuondoka. Mjini Kericho msikiti upo, na miongoni mwa Waislamu wa huko wamo Wanubi, wakazi wa tangu zama za ukoloni.

Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watoto waliozoea joto letu watatetemeka usiku, kwa hiyo sweta na soksi si anasa. Mvua hunyesha takriban mwaka mzima, aghalabu alasiri, na mara nyingine huwa ya mawe; matembezi yawe ya asubuhi. Akina mama nao wasivae buibui la kuburura, kwani vichochoro vya katikati ya michai ni vyembamba na vina tope.

La kwanza kutazama ni uchumaji wenyewe. Huchumwa majani mawili machanga na chipukizi lake, yakatupwa kapuni mgongoni, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Mashamba makubwa ni ya makampuni. Vishamba vidogo vya wenyeji hupeleka majani kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964, kama vile Kapkatet na Litein upande wa Kericho, au Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet. Ombeni ruhusa ya kiwanda siku kadhaa kabla. Mkikubaliwa, mtaona majani yakinyaushwa, yakasagwa, yakaachwa yageuke rangi, kisha yakakaushwa. Na harufu yake hamtaisahau.

Hapa pana jambo tunalotaka kulisema kwa mkazo. Wengi wa wachumaji ni wanawake, na mgeni akishuka garini, la kwanza ni kuinua simu na kuwapiga picha. Sisi tunaojua maana ya kutegewa kamera na watalii katika vichochoro vya Lamu na Mji wa Kale, tukageuza nyuso na tusisikilizwe, tusiwe wa kuwatendea wenzetu hayo hayo. Mwanamke yule yumo kazini, na kila dakika ni uzito wa kapu lake. Tena ana yake ya moyoni: Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walisimulia kudhalilishwa na wasimamizi wao mashambani, na Mei ya mwaka huo huo mashine za kuchumia, zinazowanyang'anya watu kazi, zilichomwa moto Kericho. Mwamkieni kwanza, “Chamge”, kwa Kikipsigis. Akiridhia picha, vyema; akikataa, simu irudi mkobani bila kinyongo.

Watoto wakubwa waambiwe pia kwamba uzuri ule una historia yake. Ardhi ile ilikuwa ya Wakipsigis kabla ya serikali ya kikoloni kuigawa kwa walowezi, na ukoo wa Talai uliondolewa kwa sheria ya mwaka 1934, ukahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai yao hayajakwisha hadi leo.

Mengineyo ni ya kupumzikia. Chagaik, nje kidogo ya mji wa Kericho, pana bustani ya miti ya kigeni na bwawa, pazuri pa kutandika mkeka. Karibu na mji wa Bomet yako maporomoko ya Tenwek katika mto Nyangores, mmojawapo wa mito inayouzaa mto Mara. Maji yake huendesha mtambo wa umeme wa hospitali iliyo jirani. Watoto washikwe mkono, kwani mawe yanateleza.

Kwa chakula, ulizeni nyama imechinjwa na nani, bila kuona haya. Mkiwa na shaka, ugali wa wimbi kwa mboga watosha. Mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, ni halali na yashibisha. Ukali wake huwashtua wageni, basi anzeni kwa kikombe kidogo.

Wala msiende mikono mitupu. Beba haluwa na tende za kuwapa wenyeji wenu, na mfuko wenye nafasi, kwani mkiikuta chai ya kuuzwa kiwandani mtatamani kurudi na zaidi ya pakiti moja.