Kuhamisha dosie za sendika: usivunje nyumba ya zamani haraka

Bandugu wafanyakazi, bamama na bana, mutajiuliza: mutu wa sendika anaanza sasa kuongea mambo ya ordinatere? Ndiyo, juu ndani ya kile kisanduku cha biro njo munalala karatasi zenu: kontra ya kazi, fishi ya mushahara, ripoti ya aksida. Mukumbuke 2003, wakati bafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walianza kutoka mu ile operesheni ya « départs volontaires ». Miaka mingi kisha, bamingi walikuwa bangali banadai hesabu yao ya mwisho. Mu madai ya namna ile, mwenye karatasi njo anasikilizwa.

Ku biro yetu, hapa Lubumbashi, ordinatere inatumika na Linux. Tuko badelege wane, kila mutu na jina lake, neno lake la siri na dosie yake. Zile dosie zote ziko pahali panaitwa /home, maana yake nyumbani. Ni kama nyumba za kambi: kila moja na mulango wake, kila mwenyewe na ufunguo wake.

Diski ikajaa. Tukachanga feza, tukanunua mupya ya tera moja. Kijana mumoja akakuja kutusaidia, na mimi mwenyewe nikamuharakisha: « Fanya tu kopi, kesho tuko na kazi. » Akafanya kopi ya haraka, cp -r, kwa jina la root, ule mukubwa wa masini.

Asubui mama mumoja mujane akafika. Alitafuta kopi ya karatasi za bwana yake marehemu, juu ya pansio ku CNSS, ile tulizoea kuita INSS. Delege akaandika neno lake la siri, ordinatere ikamurudisha ku mulango. Mara mbili, mara tatu, vile vile. Fishie hazikupotea. Zilihama, lakini ku mulango ya kila nyumba sasa paliandikwa jina la root, na wenye nyumba wakabakia inje. Mama akaniambia: « Papa, nililipa transpor mara mbili juu ya hii karatasi. » Nikapata haya.

Kitu kimoja njo kilituokoa: nyumba ya zamani tulikuwa hatujaifuta. Tukaanza tena, polepole.

Kwanza, tuliweka kopi ya tatu ku diski ya inje, yenye inalala ku nyumba ya delege mumoja.

Pili, tuliangalia muzuri na lsblk diski gani ni mupya, tukaitengeneza kwa namna ya ext4. Ukikosea diski hapa, unafuta kila kitu.

Tatu, badelege wote walitoka mu ordinatere, hakuna mwenye kuandika. Kijana akafungua diski mupya ku /mnt/mupya, akaandika: rsync -aAX /home/ /mnt/mupya/. Zile herufi njo zinachunga jina la mwenye fishie na ruhusa zake. Na ule mukwaju kisha ya home usiusahau. Ukikosa, utapata nyumba ndani ya nyumba.

Ine, na blkid tulipata UUID, namba ya diski yenyewe, tukaiandika mu /etc/fstab. Jina kama sdb linaweza kubadilika siku moja, UUID inabakia.

Tano, /home ya zamani tuliipa jina ingine, tukafanya /home mupya yenye haina kitu, tukaandika mount -a. Halafu tukazima ordinatere na kuiwasha. Kila delege akaingia, akafungua fishie, akaandika neno moja, akachunga. Hapo njo tulisema: tumehama.

Siku ingine yule mama akarudi, akapata karatasi yake, tena bila kulipa kitu ku biro.

Ya zamani tuliiacha mwezi muzima mbele ya kuifuta. Nyumba mupya ulale ndani kwanza, njo uvunje ile ingine.

Bandugu, mwenye alituachia karatasi apite ku biro, tufungue dosie yake pamoja, aone na macho yake. Na karatasi ya kwanza yenyewe, ibakie kwako ku nyumba. Ordinatere inachunga kopi tu.