Ada za Kamari ya Mtandao

Yapo madai kwamba kamari ya michezo inayoendeshwa kwa blokicheni haina ada, kwa kuwa haina mtu wa kati. Askari aliyeko Kasese, na mwenziwe anayelinda mpaka huko Bwera, hawana budi kuyapima madai hayo kwa hesabu.

Blokicheni ni daftari moja linalotunzwa na kompyuta nyingi, na watunzaji wake hulipwa kwa kila muamala. Katika mtandao wa Ethereum ada hiyo hupanda msongamano unapozidi, wala haifuati ukubwa wa dau. Kwa hiyo humwelemea zaidi mwenye dau dogo.

Ada ya pili imejificha katika malipo ya ushindi. Timu mbili zenye nguvu sawa zikipewa 1.90 kila moja, na shilingi 10,000 zikawekwa kila upande, zinazoingia ni 20,000, zinazolipwa ni 19,000.

Ya tatu ni ya kubadilisha fedha. Mwezi Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ilizikataza kampuni za malipo zenye leseni kushughulikia sarafu za kidijitali. Mchezaji akabaki mikononi mwa wabadilishaji binafsi, wanaojipangia sehemu yao. Hatimaye, anayetoa fedha katika simu hukatwa kodi ya asilimia 0.5, iliyowekwa mwaka 2018, pamoja na ada ya kampuni.

Askari anayeulinda mshahara wake na azijumlishe ada hizi kwanza, kabla ya kuuliza ni timu gani itakayoshinda.