Uzi: Umenunua fleti? Si kila jopo linaweza kusikiza kesi yako

1/ Kila mjadala wa nyumba nasikia ahadi hii: "Mwenye fleti akionewa, jopo la kodi ya nyumba litamtetea." Ngojeni kidogo, wadau.

2/ Hilo jopo husikiza mizozo ya landlodi na mpangaji, tena kwa nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Ulinunua fleti? Basi wewe si mpangaji.

3/ Mkigombania ada ya ulinzi na usafi na shirika la wenye fleti, sheria ya 2020 inakupeleka kwanza kwa kamati ya ndani ya mizozo. Usiporidhika, Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

4/ Jopo lisilo na mamlaka likikupa ushindi, ushindi huo ni hewa. Mwanasiasa akiahidi jopo, muulize: kwa sheria gani?