Timu Ni Watu Wanaokuhesabu

Hadithi, hadithi!

Najua mmeitika. Sogeeni, wajukuu zangu, mlio Kasongo na mlio Kabambare, huku kwetu Maniema, Kongo, nanyi mlio mbali mnaotusoma. Leo sikuleta sungura na fisi. Nimeleta mpira wa matambara, na habari ya kuhesabiwa.

Nianze na kuhesabiwa, maana mji wetu una kisa chake. Karibu na Kasongo ya leo pana mahali panapoitwa Tongoni. Tongo, katika Kiswahili cha wazee, ni mahali palipohamwa. Hapo palikuwa na mji wa Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja aliyefanya Kasongo kuwa makao yake makuu katika miaka ya 1870. Misafara ilitoka huku, ikapita Kabambare, ikashika njia ya ziwa Tanganyika hadi pwani. Ilibeba pembe za ndovu. Ilichukua na watu pia, wakiwemo watoto wa umri wenu. Wakati huohuo ndio uliotuachia Kiswahili hiki tunachosema, mpunga tunaolima na misikiti tunayoswalia, nasi tunashukuru kwa hayo. Lakini tusisahau: katika misafara ile mtoto alihesabiwa kama pembe inavyohesabiwa, ili mwenye mali ajue haijapungua.

Sasa twendeni kiwanjani.

Ni alasiri, jua limepoa. Mmoja amekuja na mpira alioufunga mwenyewe, matambara ndani, mifuko ya plastiki juu, kamba ya mgomba ikizunguka. Magoli ni mawe mawili huku na mawili kule. Kabla mpira haujapigwa, kuna sauti inauliza: "Tuko wangapi?" Wanahesabu. Tisa. "Na yule wa nyumba ya pili, yuko wapi?" Mbio, wawili wanakwenda kwao kumwangalia. Huenda anachota maji. Huenda analea mdogo wake. Huenda amelala na homa, na hao wawili ndio wa kwanza nje ya nyumba yake kujua kwamba anaumwa.

Umeona? Nao wanahesabu, lakini hawahesabu mali. Wanahesabu wenzao, kwa sababu akikosekana mmoja mchezo haukamiliki. Kumbuka neno hili, nitalirudia kabla hadithi haijaisha.

Mtaniuliza: babu, mchezo una faida gani kwa mtoto ambaye tangu alfajiri anatembea na kubeba? Swali zuri. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili mpaka moyo upige mbio. Mifupa yenu inajengwa sasa, na kila unaporuka na kutua inazidi kukaza. Moyo ukipiga kwa nguvu, damu inafika kila mahali, hata kwenye ubongo. Mtoto aliyekimbia vizuri hulala vizuri, na aliyelala vizuri hasinzii mwalimu anapofundisha hesabu.

Kusema kweli, wengi wenu mnapata dakika hizo kwa njia ya shule na ndoo ya maji. Miguu yenu haikosi kazi. Lakini ndoo haikufundishi kutoa pasi. Jembe halikufundishi kushindwa mabao matatu kwa moja, ukampa mkono aliyekufunga, ukarudi kesho. Mzigo wa kuni haukufundishi kunyamaza refa anapopuliza filimbi, ijapokuwa una hakika mpira haukutoka. Kazi inakaza misuli, na kazi ni heshima. Mchezo nao unaikaza tabia. Hasira inakuja, unaimeza. Unamwona mwenzako amekaa mahali pazuri kuliko wewe, unampa mpira, anafunga yeye, nawe unashangilia kama umefunga wewe. Mtu mzima asiyejua kufanya hivyo hawezi kukaa kwenye baraza la kijiji wala kuendesha duka na ndugu yake.

Wala sisemi juu ya mpira peke yake. Kuna watoto hawapendi kukimbia. Mwenye sauti aende kwenye kasida madrasa, au kwaya kanisani: huko atajifunza kuvuta pumzi, kushika maneno mengi kichwani, na kumsikiliza wa pembeni ili sauti yake isimfunike. Mwenye aibu aingie mchezo wa kuigiza shuleni. Siku ya kwanza magoti yatatetemeka; siku ya kumi atasimama mbele ya wazazi wote akiwa mfalme. Siku moja atasimama mbele ya watahini, au mbele ya chifu kudai haki ya shamba la mama yake, na magoti yale yatakuwa yamekwisha kuzoea.

Kuna na skauti. Mwaka 1907 Mwingereza mmoja, Robert Baden-Powell, aliwapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, wengine wa maskini. Hakuwaacha wawe kundi moja la kuamrishwa na watu wazima. Aliwagawa katika vikosi vidogo, kila kikosi kikaongozwa na kijana mmoja wao. Siri ya skauti iko hapo hadi leo: mtoto anapewa watoto wenzake awaangalie. Anajifunza kufunga fundo, kusafisha kidonda, kuwasha moto wakati kuni zimelowa, na jioni anahesabu kikosi chake kabla hajalala. Tazama, kuhesabu kumerudi tena.

Mlio Kabambare mnajua kwa nini nalishikilia sana neno hili. Kule Salamabila na Namoya ardhi ina dhahabu. Dhahabu ni baraka, lakini shimo halichagui umri. Mtoto anaambiwa, "Njoo uchekeche kidogo tu, utapata ya kununua daftari." Anakosa shule siku moja, kisha wiki, kisha muhula. Wengine wamechukuliwa na wenye bunduki, katika miaka ambayo makundi yenye silaha yamelisumbua eneo hilo. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza mtoto kuandikishwa jeshini au katika kundi lolote la silaha, inakataza pia kumtumia kwenye kazi za kumdhuru. Sheria ni nzuri. Lakini sheria iko mbali, imewekwa kwenye karatasi. Aliye karibu ni nani? Ni yule anayefika kiwanjani saa kumi, akahesabu, akasema: "Tumepungua mmoja."

Mtoto asiyehesabiwa na mtu ni rahisi kupotea. Aliye na timu, kwaya au kikosi ana watu kumi wa kuuliza alipo. Mchezo peke yake hauzuii vita, wala haujazi chungu. Lakini unampa mtoto watu, na mwenye watu hapotei kimyakimya.

Niwape na mifano mikubwa, mjue huku kwetu nako kunatoka watu. Timu ya AS Maniema Union ni ya Kindu, makao makuu ya jimbo letu. Katika msimu wa 2024 na 2025 ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikawa kundi moja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Raja Casablanca na FAR Rabat za Moroko. Jina la Maniema lilitamkwa redioni kutoka Pretoria hadi Casablanca, na safari hii halikutajwa kwa pembe wala kwa vita.

Mwingine ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 1987 alikwenda Marekani kusoma, nia yake awe daktari. Urefu wake ukawavuta walimu wa mpira wa kikapu. Alicheza misimu 18 katika ligi kubwa ya huko, lakini masomo hakuyaacha: alihitimu chuo kikuu kwanza. Udaktari hakuupata. Alichofanya ni kujenga hospitali Kinshasa, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie, nayo ikaanza kuwatibu wagonjwa mwaka 2007. Alifariki mwaka 2024, na hospitali ingali inatibu.

Lakini nisiwadanganye, wajukuu. Katika watoto 100 wanaocheza mpira leo jioni Kasongo, huenda asipatikane hata mmoja atakayelipwa kwa kucheza. Si hasara. Wote 100 watakuwa majirani, wazazi, wauguzi, walimu na madereva wa pikipiki. Kiwanja kinawaandaa hao wote.

Basi kila mtu na sehemu yake. Wewe mtoto, maliza kazi ya shule kabla giza halijaingia, maana mchezo ukila masomo utakugeukia. Ninyi wavulana, dada zenu wanabaki na ndoo na watoto mgongoni wakati mnacheza: chukueni ndoo moja kila mmoja, nao wafike uwanjani kurusha mpira wa wavu au kucheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi. Msichana ana mifupa ileile, moyo uleule na haki ileile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kongo iliukubali mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba kila mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema kila mvulana.

Nanyi wazazi na machifu mnaosikiliza kutoka barazani, msiuze kiwanja. Nyumba ina mahali pengi pa kujengwa. Watoto wana kile kimoja. Mwalimu akibaki shuleni alasiri kwa ajili ya kwaya au mpira, mpelekeeni japo maji ya kunywa, ajue mmemwona.

Hadithi yangu imefika mwisho. Hapa kwetu zamani watoto walihesabiwa ili wauzwe. Ninyi hesabianeni ili asipotee mtu. Kesho mkifika kiwanjani, kabla mpira haujapigwa, hesabuni. Akikosekana mmoja, msianze. Nendeni kwao mkamwite.