Sabuni ya kunyolea: Nazi tunazo, mwani tunao, povu twanunua la kopo

Na Mwandishi Wetu, Pemba

UKIINGIA kwenye banda la kinyozi, iwe Chake Chake, Wete au Konde, mbele ya kioo utakuta vitu vile vile: mashine ya umeme, kitana, chupa ya spiriti, pakiti ya nyembe, jiwe la shabu na kopo la krimu ya kunyolea lililotoka ng'ambo. Kopo hilo hubanwa kwa uchungu. Mteja mwenye haraka hupakwa tone moja, na kopo likikwisha katikati ya wiki huletwa kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, mtu akaondoka kichwa kinawaka moto.

Msomaji atasema Pemba watu wanafuga ndevu, hivyo biashara ya sabuni ya kunyolea itoke wapi? Kweli wanafuga, lakini mashavu na shingo hutengenezwa kwa wembe. Wapo wanaonyoa kipara kila wiki. Wapo watoto wanaonyolewa siku ya saba, na mahujaji wanaorudi. Kinyozi anayefanya kazi siku sita kwa wiki anahitaji povu zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na hesabu. Chukulia kopo la shilingi 9,000 linalotosha watu 30: kila mtu amekula shilingi 300. Sasa chukua kipande cha sabuni ngumu ya gramu 100 kwa shilingi 2,500, kipigwe kwa brashi mpaka kitoe povu. Hata kikinyoa watu 50 tu, kila mmoja amekula shilingi 50. Bei hizo ni za mfano, mfanyabiashara aweke za dukani kwake, lakini tofauti itabaki kubwa. Sababu si siri. Ndani ya kopo la povu kuna maji kwa wingi, sabuni kidogo, na gesi ya kulisukuma nje. Unalipia bati, gesi na nauli ya meli.

Na povu lenyewe lina kazi gani? Kinacholainisha unywele hasa ni maji. Unywele mkavu ni mgumu. Ukiloweshwa kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, hunywa maji, huvimba kidogo na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Kazi ya povu ni kuyashika maji hayo yasikauke na kuufanya wembe uteleze. Basi kinyozi anayepaka krimu ya bei mbaya juu ya ndevu kavu ametupa fedha, na mwenye sabuni ya kawaida aliyelowesha kwanza atamshinda. Sabuni ya mche inawasha kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya nguo: ni kali, na nyingine hubakiwa na soda ambayo haikupata mafuta ya kuungana nayo.

Hapa Pemba kuna tatizo jingine ambalo kopo halikuandikiwa. Visima vingi vya sehemu za mawe na karibu na pwani, kama upande wa Micheweni, hutoa maji magumu au yenye chumvi. Sabuni nyingi hukatika katika maji hayo, zikaacha utando mweupe badala ya povu. Sabuni ya mafuta ya nazi ndiyo inayostahimili. Mabaharia wa zamani waliogea kwa maji ya bahari kwa sabuni ya nazi. Kwa hiyo mti uliosimama nyuma ya nyumba ndio unaotoa sabuni inayofaa kisima kilicho mbele yake. Kinyozi anayeweza kukinga maji ya mvua wakati wa masika atafanya vizuri zaidi.

Vikundi vya akina mama wanaotengeneza sabuni tunavyo, vingi vikiwa vya wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo sehemu kubwa ya mwani husafirishwa ikiwa imekaushwa tu, ikasindikwe nje kupata ute unaotiwa kwenye dawa za meno na krimu za aina nyingi. Mwani unaweza kuondoka kisiwani kwa kilo na kurudi kwa kopo.

Anayetaka kujaribu sabuni ya kunyolea ajue kuwa nazi peke yake hutoa povu jingi lakini jepesi, linalokufa upesi na kukausha ngozi. Mawese hulifanya povu lisimame. Kwa gramu 500 za mafuta ya nazi na gramu 500 za mawese, soda kali, ile wauzaji wanayoiita kostiki, iwe gramu 150. Kipimo hicho huacha mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni, nayo ndiyo yanayolinda ngozi ya uso. Maji yawe gramu 200, na gramu 100 nyingine ziwe ute wa mwani uliooshwa chumvi vizuri, ukachemshwa na kuchujwa, nao utiwe kwenye mafuta. Mwani hauongezi povu, asidanganywe mtu, unaongeza utelezi.

Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Soda hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, maana huruka. Sufuria ya alumini haifai kabisa, hutafunwa. Vaa glavu na miwani, watoto wawe mbali, na soda ikikurukia osha kwa maji mengi papo hapo. Vyote vikiwa vuguvugu changanya, koroga mpaka uwe kama uji mzito, mimina, kata kesho yake, kisha weka penye hewa wiki nne hadi sita. Wengi huharibu hapa: shida ya fedha huwafanya wauze sabuni ya wiki moja, laini na kali, na mteja wa kwanza akiungua hawi wa pili.

Sasa neno ambalo halitawapendeza wengi. Karafuu, fahari ya Pemba, isitiwe kwenye sabuni ya kunyolea. Mafuta ya karafuu au ya makonyo, kama yanayokamuliwa kiwandani Wawi, huchoma ngozi iliyopitiwa na wembe. Tena huigandisha sabuni ghafla, ikashikamana na sufuria kabla hujaimimina. Kwenye sabuni ya kuogea tia kidogo. Ya kunyolea iache bila harufu, au tia matone machache ya mchaichai.

Kwa nini basi karafuu imo katika karibu kila sabuni ya zawadi? Kwa sababu imelengwa kwa mtalii, anayenunua harufu na picha ya Zanzibar. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga safari, mtalii hakuja, na aliyekuwa akimtegemea yeye tu alibaki na mzigo. Kinyozi hakufunga safari kwenda popote. Hanunui karatasi nzuri. Ananunua povu, na likimfaa hurudi kila mwezi.

Kumpata si kazi ngumu. Mpe kipande cha duara kinachoingia kwenye kikombe, akitumie wiki nzima, kisha rudi umuulize kuhusu vipele na mikwaruzo. Mpe na brashi, lakini soma kibandiko chake kwanza. Brashi nyingi za bei rahisi ni za manyoya ya nguruwe, na hilo likijulikana hapa biashara imekufa siku hiyo hiyo. Za nyuzi za nailoni zipo. Povu lipigwe kwenye kikombe safi na brashi ioshwe kila baada ya mteja. Wembe uwe mpya kwa kila mtu, na lile jiwe la shabu lisipitishwe kutoka shavu hadi shavu, kwani hubeba damu.

Kabla ya kupeleka dukani, kikundi kifike Taasisi ya Viwango (ZBS) na Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), ambao vipodozi pia vimo mikononi mwao. Kiende na daftari lenye tarehe ya kila sufuria na vipimo vilivyotumika, kwa sababu ndilo watakaloulizwa.