Blanketi la Vipande: Mikono Mingi, Kipimo Kimoja



Wengi mmeniuliza habari za blanketi lile la vipande vya mitindo mbalimbali, ambalo akina mama wa tawi letu hulifuma baada ya saa za kazi. Leo nitaeleza jinsi ya kulifuma. Nitaeleza pia jambo la bei, maana bila hilo mikono itachoka bure.

Kwanza, kwa nini vipande? Blanketi zima ni zito, huwezi kulifuma ndani ya teksi, wala watu wawili hawawezi kulifuma pamoja. Kipande cha sentimita 20 kwa 20 huingia mkobani. Vipande 6 kwa upana na 8 kwa urefu ni vipande 48, yaani blanketi la sentimita 120 kwa 160, linalomtosha mtu mmoja usiku wa mvua hapa Kampala. Watu 12 wakichukua vipande 4 kila mmoja, kazi imegawanyika sawasawa.

UZI. Uzi mpya ni ghali. Unaweza kununua sweta za mitumba katika soko la Owino, ambalo sasa huitwa St. Balikuddembe, ukazifumua. Kabla ya kulipa, geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kilikatwa kwa mkasi kisha kingo zikazungushiwa uzi kwa mashine, iache: utapata nyuzi fupi fupi tu. Uzi uliofumuliwa uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane, uoshe na kuutundika. Mikunjo itapungua. Nyuzi zote ziwe za unene mmoja.

KIPIMO. Mara ya kwanza sisi hatukukubaliana kipimo. Wengine hubana uzi, wengine hulegeza. Siku ya kuunganisha, kipande kimoja kilikuwa sentimita 17 na kingine 23, tukafumua kazi ya majuma mawili. Tangu siku hiyo kila mfumaji hupewa kijiti kilichokatwa sentimita 20. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, anza na vitanzi 40. Kipande kikizidi kijiti, chukua sindano nyembamba zaidi. Kikipungua, chukua nene zaidi. Kwa urefu usihesabu mistari, fuata kijiti.

MITINDO. Kufuma wazi ni kuweka uzi nyuma ya sindano; kufuma kinyume ni kuweka uzi mbele. Kwa njia hizo mbili tu utapata mitindo minne:

1. Matuta: fuma wazi mistari yote. Anayejifunza aanze hapa.

2. Punje za mtama: mstari wa kwanza, kitanzi 1 wazi, 1 kinyume, hadi mwisho. Mstari wa pili, 1 kinyume, 1 wazi. Rudia yote mawili.

3. Kikapu: vitanzi 4 wazi, 4 kinyume, kwa mistari 6. Kisha anza na 4 kinyume, 4 wazi, kwa mistari 6. Rudia.

4. Mifereji: vitanzi 2 wazi, 2 kinyume, mistari yote. Mtindo huu hujivuta ndani, kwa hiyo anza na vitanzi 48, kisha pima.

KUUNGANISHA. Panga vipande vyote sakafuni kwanza, na usiweke mifereji karibu na mifereji. Shona kwa uzi ule ule na sindano butu, bila kukaza, kisha ficha ncha zote za nyuzi upande wa chini.

BEI. Sasa tuhesabu jasho. Kipande cha vitanzi 40 na mistari 56 kina vitanzi 2,240. Vipande 48 ni vitanzi 107,520. Tuseme kila kipande huchukua saa 3: jumla ni saa 144, yaani siku 18 za saa 8. Ongeza siku 2 za kuunganisha, zinakuwa siku 20 za kazi.

Mnunuzi akija huona uzi, haoni siku hizo. Mmoja alitupa bei ya uzi na nyongeza kidogo, nasi tukakubali kwa kuwa hatukuwa na hesabu ya kumwonyesha. Wala tusikimbilie kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Kigawe kwa siku 26, utapata kama shilingi 230 kwa siku. Kwa siku 20 ni shilingi 4,600. Ni nani atakayefuma vitanzi laki moja na zaidi kwa fedha hizo?

Kwa hiyo kabla ya kuanza, wafumaji wakae pamoja, wakubaliane malipo ya kipande kimoja, wayaandike daftarini. Bei ya blanketi ni gharama ya uzi, malipo ya vipande 48 na malipo ya kuunganisha. Mtu mmoja akiuza chini ya hapo kwa siri, amewashusha wote kumi na wawili, kama vile kipande kifupi kinavyoharibu safu nzima.

Anayehitaji kijiti cha kupimia aje ofisi ya tawi siku ya mkutano. Aje na daftari pia.