Kijana Aliyepita Ujiji

Miongoni mwa Waswahili wa mwanzo kuyaandika maisha yao wenyewe ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja yapata mwaka 1837 na kufariki huko huko mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha maandishi yake Berlin mwaka 1902 na 1903.

Linalotushughulisha sisi wazazi ni pale alipoanzia. Hakuanza na mama wala mwalimu wa chuoni. Anaanza akiwa na miaka 12, tayari yumo safarini kununua sandarusi pamoja na jamaa zake. Alipofikia 18 baba yake, Muhammed bin Juma, akamchukua Tabora; kisha akafika Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kutafuta pembe za ndovu. Njia ya baba ikawa njia ya mwana.

Na ilikuwa njia ya bunduki na utumwa. Wako wanaosema ndiyo desturi ya zama zile. Sisi hatuoni kuwa hilo linatosha, kwani Surat al-Balad ilikwisha kulitaja suala la kumwacha huru mtumwa karne nyingi kabla yake.

Waliozibeba pembe hizo hawakuandika. Baadhi yao walibaki Ujiji, wakasilimu, wakaoa, wakalea. Babu yule alitoka wapi, na nani alimfundisha alifu ya kwanza? Enyi wazazi wa Ujiji na Kigoma, waulizeni bibi zenu jioni hii baada ya Magharibi, na mtoto mwenye hati nzuri akae karibu na daftari.